Mbuke Salu, Umefika

Geti lilimwita mke wake asubuhi, wakati Lushinge ameinama anapaka jiwe chokaa.

"Mbuke Salu, umefika. Ingia."

Hakushtuka. Mtu mwingine angekuambia brashi ilimponyoka na moyo ukamruka, lakini hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Alimalizia upande uliobaki wa lile jiwe, akachovya brashi kwenye ndoo, ndipo akainua uso. Geti la hospitali ya Isenga Mpya lilikuwa linafunguka polepole kama siku zote, kwa mlio wa chuma kilichonyimwa grisi. Mwanamke aliyevaa kitenge cha Mbuke, kile cha njano chenye ndege wa buluu, alikuwa anaingia huku amejishika kiuno. Geti likajifunga.

Mbuke alikuwa chini ya udongo tangu mvua zilipokatika.

Lushinge akahamia jiwe la pili.

Kazi yake ilikuwa hiyo, mawe. Kila mkazi wa ndani ya bomba, yaani eneo linalopata maji ya Mamlaka, alikuwa na uzi wake, mweusi, mwembamba kuliko singa ya mkia wa ng'ombe, umeshonwa kwenye pindo la kila nguo yake ya kutokea. Uzi wenyewe hauna betri, hauna chochote. Umelala kwenye pindo kama mfu mpaka nguzo za getini ziutupie nguvu zake hewani. Ukiipata ile nguvu unaamka, unalitaja jina la mwenye nguo, unalala tena. Ukiwa mbali, nguvu inaishia njiani na wewe huna jina. Na huo umbali hautulii. Jirani akiezeka banda la bati, unabadilika. Wakubwa wakiongeza au kupunguza umeme wa nguzo, unabadilika. Kwa hiyo alitakiwa mtu wa kufunga uzi kwenye ncha ya fimbo, aende kinyumenyume kutoka kwenye nguzo huku anaangalia taa ya kijani ya getini, na pale taa inapozimika aweke jiwe. Akirudia hivyo kulia na kushoto, anapata nusu duara ya mawe meupe mbele ya geti.

Ndani ya mawe unasomwa. Nje ya mawe husomwi. Sheria ya Mamlaka ilisema aliyesomwa amefika, na aliyefika lazima ahudumiwe. Asiyesomwa hajafika, hata awe amesimama mbele yako anatapika damu. Sheria hiyo ilitungwa na watu ambao hawajawahi kumbeba mgonjwa.

*

Alimsubiri atoke. Jua lilikuwa limeshapinda alipotoka, akavuka barabara na kuja kukaa kwenye kivuli cha ukuta wa kinu cha zamani cha pamba, mahali Lushinge alipozoea kula kiporo chake. Alikuwa Limi, mdogo wake Mbuke, aliyeolewa nje ya bomba, kule ambako Mamlaka haikupeleka maji wala nyuzi.

"Shemeji, usinitazame hivyo," Limi alisema. "Ulidhani nimefufuka?"

"Dada yako hakuwa anakokota miguu."

"Dada yangu aliolewa na mume wa kumbebea ndoo. Mimi niliolewa na mume wa kunibebesha." Akacheka kidogo, akakosa pumzi. Kisha akasema, "Una kiazi hapo? Ndani kule wamenipa uji hauna hata chumvi."

Akampa kiazi. Limi alikimenya taratibu, maganda akayaweka kwenye kiganja asichafue kitenge.

Lushinge alikikumbuka kile kitenge kikitoka mikononi mwa shangazi yao siku ya kuanua matanga. Ukoo wa Salu walikuwa na taratibu zao. Nguo ya marehemu inafuliwa, inakunjwa, inagawiwa kama alivyoiacha. Haitiwi mkasi wala sindano, na kama alikufa imechanika, unaichukua na mchaniko wake. Shangazi alizigawa zote kwenye mkeka, moja moja, na kila aliyepokea alipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyekumbuka nyuzi. Wa nje ya bomba hawakuzijua, na wa ndani walikuwa wanalia. Lushinge alikuwepo, amekaa kwenye kiti walichomwekea. Siku zile aliangalia mambo mengi bila kuyaona.

Tena jina la Mbuke lilikuwa bado halijafutwa. Huwezi kumfuta mtu mpaka ujue amefia wapi, na jambo hilo ndilo alilokuwa akiligombania na hospitali. Wao walisema hakufika. Yeye alisema alifika. Shauri likawa linasubiri baraza, na kwenye mitambo yao Mbuke akawa yupo yupo tu.

"Ilikuwaje?" akamuuliza.

"Nilikuja kumwomba mlinzi. Wallahi sikujua kitu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote, nitalia hapa, nitapiga magoti pale. Hata sijafungua mdomo, geti likamtaja dada." Limi aliacha kutafuna. "Nikageuka nyuma, shemeji. Nikamtafuta."

"Ukaingia."

"Ulitaka niliambie geti limekosea?" Akavuta kitenge juu kidogo, akaunyoosha mguu. "Huu ulikuwa gunia. Ukibonyeza kidole kinazama, shimo linabaki hapo hapo. Figo zote mbili, walisema. Sasa kila Alhamisi wananifunga kwenye ile mashine, damu inatoka inazunguka inarudi. Hakuna anayeniuliza jina. Nguo imeshasema."

Lushinge aliutazama ule mguu. Ulikuwa mguu wa kawaida, una vumbi, una kovu la mwiba.

"Baraza ni Jumatatu," alisema.

"Najua."

"Wataniuliza ushahidi."

"Najua, shemeji. Mimi si mtoto." Alikunja maganda ya kiazi ndani ya jani, akalifinya. "Ukinitaja sitakulaumu. Ni dada yangu yule, na mimi nataka isemwe alivyokufa. Ninaamka nikiwa na uzima wake mwilini, unadhani ninafurahi? Ila usiniambie siku utakayosema. Nikijua, nitaogopa kuja."

Akanyanyuka kwa kushika ukuta. Lushinge alinyoosha mkono kumsaidia, lakini Limi alikuwa ameshasimama.

*

Siku ya Mbuke ilikuwa hivi.

Homa ilimpanda kabla hata chai haijachemka, na ilipofika saa ya watu kwenda kazini alikuwa hatambui mtu. Lushinge alimlaza kwenye toroli la kubebea mawe, ubavu wa kushoto, akamfunika kitenge hicho hicho cha njano na pindo akalichomeka chini yake lisiburute kwenye magurudumu. Alisukuma mbio. Njiani kiatu kimoja cha Mbuke kilidondoka, naye hakurudi kukiokota.

Alipofika kwenye mawe meupe akasimama. Aliyapanga mwenyewe, aliyaamini. Mawe yalikuwa kando kabisa ya barabara, hatua kumi na mbili kutoka kwenye nguzo, na ukiyafikia tu geti lilipaswa kukuita.

Geti likanyamaza.

"Nimemleta mke wangu," alimwambia mlinzi.

Mlinzi alikuwa Ndalahwa, mtu wa mtaa wake, aliyezoea kucheza naye bao. Ndalahwa alitazama kioo chake, akalitazama toroli, akatazama kioo tena.

"Mzee, mfumo haumwoni."

"Mimi ninamwona. Wewe Ndalahwa, humwoni?"

"Namwona, mzee wangu. Lakini macho yangu hayafungui geti."

"Basi nimsogeze."

"Ukivuka mawe hujasomwa, mimi ndio nafungwa. Kaa hapo. Huwa linachelewa. Litamwita sasa hivi."

Naye akakaa hapo. Hilo ndilo lililokuja kumganda kichwani baadaye kama nta: alikaa. Alisimama nyuma ya mawe yake kama mtu aliyefundishwa, akawa anampepea Mbuke kwa kofia, huku wanalisubiri geti limtaje. Ndalahwa alipiga simu ndani, akaambiwa wao hawana mgonjwa getini. Akapiga tena. Akaambiwa mgonjwa asomwe kwanza. Alipoitupa simu na kusema potelea mbali, msukume, Mbuke alikuwa ameshaacha kuhema. Toroli lilivuka mawe likiwa na maiti.

Kumbe jana yake jioni umeme wa nguzo ulikuwa umepunguzwa. Lilikuwa agizo la Byabato, mkurugenzi wa hospitali. Nguzo zilipokuwa na nguvu zilikuwa zinawasoma hata wanawake wanaouza dagaa ng'ambo ya barabara, wote wanahesabiwa wamefika, na wote walioandikwa wamefika bila kuhudumiwa walionekana kule makao makuu kama aibu ya hospitali. Angeweza kuongeza wauguzi. Akapunguza umeme. Umbali ukanywea mpaka hatua chache kutoka kwenye nguzo, na hakuna aliyekumbuka kumwambia mtu wa mawe. Mawe yakabaki kule kando ya barabara, yameng'aa kwa chokaa mpya, yanadanganya.

Fundi wa nguzo alimweleza mengine siku aliyorudi kazini. Mwili wa mtu ni maji, mzee, na maji yanainywa ile nguvu. Uzi ukiwa unapepea kwenye pindo unasomwa vizuri. Uzi uliolaliwa ni kama umeuweka nyuma ya mtungi. Lushinge alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwomba Ndalahwa amsaidie kitu. Alilala mwenyewe kwenye toroli ubavu wa kushoto, pindo la shati lake chini yake, akamwambia amsukume polepole kuelekea kwenye nguzo. Ndalahwa alisukuma huku analia. Toroli lilipita mahali pa mawe, likapita mahali taa ilipozimika alipopima kwa fimbo, likaenda, likaenda, na geti lilimtaja Lushinge pale tu bega lake lilipokaribia kugusa chuma.

Aliteremka akaanza kuyahamisha mawe. Tangu siku hiyo hakuna kitu kilichomuuma. Alikula, akalala, akapaka chokaa. Kilichobaki kwake kilikuwa neno moja alilolitaka kutoka kwa Byabato, litamkwe mbele ya watu, na baada ya hapo mambo mengine yaende yanakokwenda.

*

Baraza lilikaa kwenye ghala la zamani la pamba. Lilikuwa limefungwa mashine za kupooza hewa mpaka wazee wakawa wanajikunyata. Watu walijaa, wa mtaa wake na wa mitaa ya mbali, maana kesi ya mtu kufia getini ilikuwa haijawahi kusikilizwa. Mwenyekiti alikuwa Mama Shoma, mama mtu mzima mwenye sauti ya kubembeleza. Byabato alikaa kulia kwake, suti ya rangi ya majivu, kishikwambi mapajani.

Lushinge alikuwa amekuja kusema. Usikose kulijua hilo. Alikuwa ameamka, amenyoa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi na jirani, na njia nzima alikuwa anayarudia maneno: ni shemeji yangu, anaitwa Limi, anavaa kitenge cha marehemu. Aliyasema mpaka yakawa mepesi mdomoni.

"Mzee Lushinge," Mama Shoma alianza, "pole kwa yote. Tuambie kwa kifupi, unataka nini?"

"Nataka isemwe alifika."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, mama. Na aliseme yeye." Akamwelekeza kidevu Byabato.

Byabato hakukasirika. Watu wa namna yake hawakasiriki mbele za watu, wana watu wa kukasirika kwa niaba yao. Alisimama akafunga kifungo cha koti.

"Mama Mwenyekiti, nampa pole mzee wangu. Lakini nimekwama. Mbuke Salu alisomwa getini kwetu Alhamisi iliyopita. Alhamisi ya kabla yake pia. Amelazwa kwenye mashine yetu ya kusafisha damu, ametoka kwa miguu yake. Tunaambiwa tumemuua mtu tunayemtibu."

Ghala likavuma. Mtu wa nyuma akapiga mluzi.

"Sasa mambo ni mawili," Byabato aliendelea. "Ama mama huyu yu hai, na sisi wote twende tukale. Ama amekufa, na kuna mtu anatembea na nguo yake. Kama ni hilo la pili, mzee amtaje. Nyuzi zinyofolewe hapa hapa, jina lifutwe, na mimi nitasimama hapa niseme alifika. Leo hii, kabla hatujatoka."

Akatoa mkasi mfukoni, mkasi mdogo wa fundi cherehani, akauweka mezani mbele ya Lushinge. Mpini mmoja ulikuwa umeviringishwa kitambaa chekundu kwa ajili ya kidole.

"Unamjua mtu huyo, mzee?" Mama Shoma aliuliza.

Maneno yalikuwa pale pale mdomoni, mepesi kama alivyoyaandaa. Ni shemeji yangu. Aliutazama mkasi. Alijaribu kumleta Mbuke mbele ya macho yake, uso wake, ili ampe nguvu ya kusema, lakini uso haukuja. Kilichokuja ni mguu ule usio na kiatu kwenye ukingo wa toroli, unatikisika kila gurudumu linapoingia kwenye shimo. Na pembeni yake ukaja mguu mwingine, wenye vumbi na kovu la mwiba, umenyooshwa kivulini aukague. Miguu ya kwao ilifanana. Hakuwahi kuliona hilo.

"Mzee?"

"Yuko hai," Lushinge alisema.

"Nani yuko hai?"

"Mke wangu."

Mama Shoma alivua miwani. "Mzee Lushinge, umetuletea hapa kesi ya kifo."

"Alinikimbia. Alirudi kwao, nje ya bomba." Sauti ilitoka kavu, haipandi wala haishuki, kama anataja bei ya chokaa. "Niliona aibu kusema nimekimbiwa. Nikasema amekufa."

Wa mitaa ya mbali wakaanza kucheka, kicheko kikatambaa kutoka nyuma kwenda mbele.

"Mzee kakimbiwa!"

"Jamani, kumbe kule kwao walizika gogo la mgomba!"

"Na wali tukala!"

Wa mtaa wake hawakucheka. Waliochimba kaburi walikuwepo, na waliombeba walikuwepo, na shangazi aliyegawa nguo alikuwepo kwenye benchi la pili na leso mdomoni. Waliinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine. Mlangoni alisimama Ndalahwa, kofia mkononi. Mama Shoma akapaza sauti akauliza kama kuna mtu mwenye neno tofauti. Ndalahwa alifungua mdomo. Lushinge akageuka akamtazama, akamtazama tu, na Ndalahwa akaufunga.

Byabato alijua. Alikuwa amepigiwa simu siku ile, alikuwa anajua saa na mahali. Macho yao yalikutana juu ya ule mkasi, na Lushinge akaona jinsi mtu anavyokaa anapodanganywa kwa uongo unaomfaa. Alikaa vizuri tu. Aliuvuta mkasi akaurudisha mfukoni.

"Mambo ya ndoa haya, mama," alisema. "Tusimwonee mzee. Arudi kazini kwake."

*

Wiki hiyo hiyo umeme wa nguzo ulipunguzwa tena. Baraza lilikuwa limeisafisha hospitali, na makao makuu walipendezwa na idadi ya wasiohudumiwa ilivyoshuka. Safari hii walikumbuka kumwambia mtu wa mawe. Lushinge alifunga uzi kwenye fimbo, akarudi nyuma hatua moja, taa ikazimika. Hakupata nafasi hata ya kupanga nusu duara. Mawe matatu yalitosha, yakakaa chini ya nguzo kama mafiga. Yale mengine aliyarundika ukutani mwa kinu.

Alhamisi Limi alikuja. Alikuwa amesikia, nchi nzima ilikuwa imesikia. Alisimama mbali kidogo na geti, amejishika kiuno, uso umevimba kwa wiki nzima ya maji mwilini.

"Kwa hiyo mimi ndiye mke niliyekukimbia," alisema.

"Ndivyo."

"Na wanakucheka."

"Wanacheka."

"Shemeji, mimi..." Akakikaza kitenge kiunoni. Badala yake akasema, "Dada angekupiga na mwiko."

"Angenipiga."

Limi akasogea mbele ya nguzo. Geti likanyamaza. Akasogea tena, mpaka vidole vya miguu yake vikagusa mawe matatu. Kimya. Kitenge alikuwa amekifunga kwa kukivuta kwa nguvu, kama wanavyofunga wagonjwa wa kiuno, na pindo lilikuwa limezama ndani, limebanwa kwenye nyama. Alitazama nguzo. Kisha alimtazama Lushinge kwa macho ya mtu ambaye ameanza kuyapanga upya maneno ya kumwomba mlinzi. Ndalahwa kwenye kibanda chake alikuwa amesimama, mikono imeng'ang'ania dirisha.

Lushinge aliweka ndoo chini. Akaja, akapiga goti kwenye vumbi.

"Nipishe mkono," alisema.

Alitafuta pindo kwa vidole vyenye chokaa, akalivuta taratibu kutoka pale lilipobanwa mpaka kona ikatoka, ina jasho. Akaipangusa kwa shati lake. Ilikuwa bado na ile mishono midogo ya Mbuke aliyekuwa hamwamini fundi, akirudia kila pindo mwenyewe. Akaishika ile kona kwa vidole viwili, akanyoosha mkono wake wote, akaipeleka kwenye nguzo, karibu, karibu zaidi, mpaka ngumi yake ikagusa chuma, na chuma kilikuwa cha moto kwa jua.

"Mbuke Salu, umefika. Ingia."

Geti likaanza kufunguka. Limi aliweka mkono kichwani kwake kidogo, kama mtu anayejishikilia asianguke, kisha akaingia. Lushinge alibaki amepiga goti, ngumi kwenye nguzo, pindo la shati lake limegusa chuma.

"Lushinge Maganga, umefika. Ingia."

Kutoka ndani alijitokeza muuguzi, binti mgeni, bado sare yake ina mikunjo ya dukani. Alimpita Limi, akaja mpaka getini, maana mtu akishasomwa lazima apokewe, na yeye alikuwa bado anaifuata sheria.

"Shikamoo babu. Na wewe umeitwa. Unaumwa wapi?"

Lushinge alisimama. Aliuliza mwili wake kwa uaminifu, kwa kuwa binti alikuwa ameuliza kwa uaminifu. Aliuliza magoti, akauliza kifua, akauliza ngumi iliyokuwa imeshikilia chuma cha moto na sasa ilikuwa nyekundu. Hakuna kilichojibu.

"Marahaba," alisema. "Hakuna panaponiuma. Nimemleta mke wangu."